Ana miaka 15, amekosa tarehe ya mahakama: kitakachompata mtoto na kitakachompata mdhamini

SWALI: Habari za kazi, wakili. Naishi Temeke na mtoto wa kaka yangu, ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Aligombana na mwenzake uwanjani akampiga na kumvunja jino, akafunguliwa kesi ya shambulio la kudhuru mwili kwenye Mahakama ya Watoto. Nilimdhamini mimi, nikasaini bondi ya shilingi 500,000. Baadaye tulikaa na wazazi wa yule mtoto kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tukalipa gharama za matibabu, wakaandika barua ya kusamehe. Tukajua yamekwisha, kwa hiyo tarehe ya kutajwa hatukwenda. Jana nimepigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa karani, anasema hakimu ametoa hati ya kumkamata mtoto na mimi natakiwa nikajieleze. Kaka yangu yuko Songea, anasema nimpandishe mtoto basi aende huko mpaka mambo yapoe. Je, mtoto atafungwa? Mimi nitalipa hizo laki tano? Na ile barua ya msamaha haina kazi?

JIBU: Dada yangu, usimpandishe basi. Maswali yako matatu nitayajibu yote, ila hilo nimelitanguliza kwa sababu katika yote uliyoyaandika, ndilo pekee ambalo likishafanyika ni shida kulirudisha nyuma. Tarehe moja iliyopita inaelezeka. Mtoto aliyesafirishwa kwenda mkoa mwingine baada ya mdhamini wake kuarifiwa kwamba kuna hati haelezeki. Hakimu ataiona hiyo kama kuruka dhamana kwa kusaidiwa na watu wazima, na watu wazima wenyewe ni wewe na kaka yako.

Mahakimu wanaosikiliza kesi za watoto wanajua jambo moja ambalo familia nyingi hazilijui: mtoto hajipeleki mahakamani. Hana nauli, hana simu ya kupokelea taarifa, na tarehe inaandikwa na mtu mzima. Ndiyo maana mtoto asipoonekana, swali la kwanza huwa ni mdhamini yuko wapi, mzazi yuko wapi, na je, kuna taarifa yoyote. Mkikosekana wote na taarifa haipo, mwendesha mashtaka husimama na kusema maneno ambayo yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama ameshayasikia: mshtakiwa hayupo, mdhamini hayupo, hakuna taarifa, tunaomba hati ya kukamata. Asubuhi ile mngempigia afisa ustawi wa jamii mkamwambia mna dharura, naye akaisema mahakamani, kuna uwezekano mkubwa kesi ingeahirishwa tu na wewe leo usingekuwa unaniandikia.

Sasa barua. Nimeona niianze yenyewe kwa sababu ndiyo iliyowaponza, na si ninyi peke yenu. Kesi ya jinai ikishafunguliwa, mlalamikaji kisheria si yule mtoto aliyevunjwa jino wala wazazi wake. Ni Jamhuri. Angalia hati ya mashtaka juu kabisa, imeandikwa Jamhuri dhidi ya mtoto wenu. Wale wazazi wana haki ya kusamehe moyoni na mfukoni, na mmefanya vizuri sana kulipa matibabu, lakini hawana uwezo wa kuifunga kesi wakiwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti naye hana uwezo huo. Wenye uwezo ni wawili: upande wa mashtaka ukiamua kuiondoa kesi, au mahakama yenyewe.

Hiyo haina maana kwamba barua ni karatasi tupu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuhimiza mapatano katika makosa madogo yanayomhusu mtu na mtu, mfano shambulio la kawaida. Shambulio la kudhuru mwili ni kosa zito kidogo kuliko hilo, adhabu yake kwa mtu mzima inafika kifungo cha miaka 5, kwa hiyo msitegemee hakimu aifute kesi siku hiyo hiyo kwa kuiona barua. Njia iliyonyooka ni barua kufika kwa mwendesha mashtaka, na bora zaidi wazazi wa mtoto aliyeumizwa waje wenyewe waseme mbele ya mahakama kwamba wamelipwa na wameridhika, bila kushinikizwa. Mwendesha mashtaka anaweza kuomba kuiondoa kesi. Ikiondolewa kabla mtoto hajaitwa kujitetea, anaachiwa, lakini kisheria anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lile lile. Ikiondolewa baada ya hapo, anaachiwa huru na hapo ndipo yamekwisha kweli. Familia nyingi husikia neno kuachiwa zikashangilia, zikaenda nyumbani bila kuuliza ni kuachiwa kwa namna gani. Ulizeni, na muombe nakala ya amri. Hata kama kesi haitaondolewa, barua hiyo na risiti za hospitali zitakuwa na uzito wakati wa kuamua hatima ya mtoto. Zitunze, tena toa vivuli viwili vitatu.

Kuhusu hati yenyewe. Hati ya kukamata inatolewa na hakimu, nayo haiozi. Inabaki na nguvu mpaka itekelezwe au mahakama iliyoitoa iifute. Haijali kama umepita mwezi au mwaka, na polisi wa wilaya yoyote Tanzania Bara wanaweza kuitekeleza, ikiwemo Songea. Nadhani wengi wanapata picha ya kwamba mambo yakipoa jalada linafungwa. Jalada halifungwi. Linawekwa kando likisubiri, na siku mtoto atakapokamatwa kwa jambo jingine kabisa, hata kwenye msako wa bodaboda, jina lake litatokea.

Fikiria pia itakavyokuwa akikamatwa huko. Kutoka Songea mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Mtoto atakaa kituoni huko akisubiri kusafirishwa, na akikamatwa Ijumaa jioni, Jumamosi na Jumapili ni zake na polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kuchanganywa na watu wazima anapokuwa kizuizini, lakini vituo vyetu vingi havikujengwa na chumba cha watoto, na mtoto wa miaka 15 mwenye kimo kirefu huonekana mtu mzima usiku wa manane. Mtoto huyo huyo akiingia mwenyewe mahakamani saa mbili asubuhi, amevaa sare ya shule, akiwa na shangazi yake, hakimu anaona kitu kingine kabisa.

Je, atafungwa? Hapana, si jela. Kifungu cha 119 cha Sheria ya Mtoto kimesema wazi kwamba mtoto hatahukumiwa kifungo, bila kujali sheria nyingine inasema nini. Mtoto kwa sheria hiyo ni kila aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo wale wanaokutisha mtaani kwamba atapelekwa gereza la Keko au la Segerea kuungana na wafungwa, waache. Lakini usitulie mno kwa sababu hiyo, maana kuna mambo mawili ambayo si jela ila yanamtoa mtoto nyumbani.

La kwanza ni mahabusu ya watoto. Dhamana ni ahadi ya kufika. Ahadi ikivunjwa, hakimu ana haki ya kuifuta dhamana na kuagiza mtoto akae mahabusu ya watoto mpaka kesi iishe. Kwa Dar es Salaam iko Upanga. Zipo pia Arusha, Moshi, Tanga na Mbeya. Si gereza, kuna maafisa ustawi na mtoto anatenganishwa na watu wazima, lakini mlango unafungwa na shule inasimama. Mahakama inaweza pia, badala ya kumpeleka huko, kumkabidhi kwa mtu inayemwona anafaa. Huyo mtu unaweza kuwa wewe, ukionekana bado unaaminika, na ndiyo maana namna utakavyojitokeza ina maana kubwa kuliko maelezo utakayoyatoa.

La pili ni shule ya maadilisho, yaani shule ya bweni ya kurekebishia watoto waliokosa, ile ya Irambo kule Mbeya. Hiyo ni amri ya mwisho wa kesi, mtoto akishapatikana na hatia, na inaweza kufika miaka 3. Kutofika tarehe moja hakumpeleki mtoto Irambo. Kuna uhusiano mmoja tu, nao unapitia kwenye taarifa ya afisa ustawi wa jamii. Kabla hakimu hajaamua la kufanya na mtoto, afisa huyo huandaa taarifa ya maisha yake: anaishi na nani, anasoma vipi, nani anamsimamia. Taarifa ikisomeka kwamba familia ilimtorosha, hakimu anaanza kujiuliza kama nyumbani ni mahali pa kumrekebishia mtoto. Ikisomeka kwamba walichanganya msamaha wa mtaani na kesi, na walipoambiwa wakaja kesho yake, hakuna anayepata shida nayo. Kwa kosa kama hili, la kwanza, fidia imeshalipwa, shule anakwenda, mimi ningetegemea mwisho wake uwe kuachiwa kwa masharti au kuwekwa chini ya uangalizi kwa muda. Siahidi, hakimu ndiye anayeamua.

Umesikia pia, nina hakika, kwamba mtu anaweza kuhukumiwa akiwa hayupo. Ni kweli ipo. Mshtakiwa asipofika tarehe iliyoahirishwa, sheria ya mwenendo inampa hakimu nafasi ya kuendelea kana kwamba yupo, au kuacha kufanya hivyo na kutoa hati. Aliyehukumiwa bila kuwepo anaweza kuomba hukumu itenguliwe akionyesha kwamba kilichomzuia kilikuwa nje ya uwezo wake na kwamba ana utetezi wa maana. Kwa watoto njia hiyo ya kwanza haikai sawa hata kidogo, kwa sababu Sheria ya Mtoto inataka kesi isikilizwe faragha, kwa lugha nyepesi, afisa ustawi awepo, mzazi au mlezi awepo, na mtoto mwenyewe apewe nafasi ya kusema. Sasa utamsikilizaje asiyekuwepo? Kwa hiyo hati ndiyo kawaida, na ndiyo mliyopata. Kwa maoni yangu mmepata ile nafuu.

Hapo niseme jambo ambalo watu hulikosea upande wa pili. Mtoto akifika mahakamani na mzazi asifike, mtoto hajakosa tarehe. Kesi inaweza kuahirishwa na mahakama ikamtaka mzazi aje, lakini kwake yeye dhamana haijavunjwa. Nimekutana na mabinti na vijana wanaorudi nyumbani kwa sababu mama kachelewa kwenye foleni ya Mbagala na wanaogopa kuingia peke yao. Waambieni watoto waingie, wakae, waseme mama yuko njiani.

Sasa wewe na laki tano zako. Bondi uliyosaini si pesa uliyolipa. Ni deni linaloamka mshtakiwa asipofika. Na hata likiamka, mahakama haiji tu kuchukua televisheni yako. Kwanza inaandika kwamba masharti ya bondi yamevunjwa, kisha inakuita ueleze kwa nini usilipe. Huko ndiko kujieleza ulikoitiwa. Ukitoa sababu inayokubalika na mtoto yuko pale pembeni yako, mahakama ina uwezo wa kukusamehe kiasi chote au kukupunguzia. Ukishindwa kutoa sababu, unaamriwa kulipa. Usipolipa, mali yako inayohamishika inaweza kukamatwa na kuuzwa, na ikikosekana mali ya kutosha, mdhamini anaweza kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6. Ona basi jinsi mambo yalivyogeuka: katika kesi hii mwenye uwezekano wa kulala gerezani ni wewe, si mtoto.

Mdhamini aliyekuja na mtoto ana mengi ya kusema. Mdhamini aliyekuja peke yake akasema mtoto kaenda kusalimia ndugu hana la kusema. Na ikitokea siku moja umeona mzigo umekuzidi, labda mtoto hakusikilizi tena au unahama, sheria inakuruhusu kuomba kujitoa kwenye udhamini. Unamleta mtoto, unaiambia mahakama huwezi kuendelea, mwingine anatafutwa. Kujitoa kwa njia hiyo hakukuharibii jina. Kunyamaza kunakuharibia.

Basi fanya hivi, na uanze kesho kama ni siku ya kazi. Usisubiri tarehe mpya. Kabla ya yote, hakikisha simu ile ilikuwa ya kweli, kwa kwenda masjala ya mahakama na namba ya kesi. Nasema hivi kwa sababu kuna matapeli wanaojifanya makarani, wanapiga simu kisha wanataka utume pesa kwa simu hati ifutwe. Hakuna hati inayofutwa kwa simu wala kwa muamala. Inafutwa na hakimu, mahakamani, na dhamana nayo hainunuliwi, iwe polisi au mahakamani. Atakayekuomba chochote, ondoka.

Kwenda masjala huko, nenda na mtoto. Najua moyo utakuambia umwache nyumbani kwanza uangalie hali ilivyo. Usimwache. Mtoto ndiye ushahidi wako mkubwa. Akiwa na sare ya shule vizuri zaidi. Chukua cheti chake cha kuzaliwa, barua ya msamaha, risiti za matibabu, barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa inayoonyesha mlikaa tarehe gani, na kama shule inaweza kukupa barua ya mahudhurio, ichukue. Pitia ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa ukamweleze afisa anayeshughulikia kesi, maana yeye atakuwa mahakamani na maneno yake yana uzito ambao yako hayana. Kisha mwone karani, eleza kwamba mshtakiwa na mdhamini wamejileta, mnaomba jalada liitwe mbele ya hakimu. Kama hakimu yupo, mara nyingi jalada linaitwa siku hiyo hiyo. Kama hayupo, omba maelekezo na uache taarifa yenu kwa maandishi, nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi. Muhuri huo ndio utakaokuonyesha kwamba hamkujificha.

Mbele ya hakimu usijitetee kwa hasira wala usimlaumu mtu. Eleza kwa ufupi: tulipatana, tukadhani kesi imekwisha, hatukujua kwamba ni ya Jamhuri, tulipopata taarifa tumekuja, mtoto huyu hapa, tunaomba hati ifutwe na dhamana iendelee. Hakimu anaweza kukubali mara moja kwa onyo. Anaweza kuongeza masharti, kwa mfano mdhamini wa pili au mtoto kuripoti ustawi kila wiki. Anaweza pia kumpeleka Upanga mpaka tarehe inayofuata. Likitokea hilo la mwisho, kumbuka kwamba aliye mahabusu kesi yake haiahirishwi kwa zaidi ya siku 15 kwa mara moja, wakati aliye nje ni siku 30. Kwa hiyo tarehe iko karibu, na siku hiyo mnaweza kuomba dhamana tena mkiwa na wakili.

Kaka yako aje. Badala ya mtoto kwenda Songea, baba ndiye apande basi. Shangazi unatosha kuwa mlezi na mdhamini, lakini baba mzazi akionekana mahakamani, hasa baada ya mahakama kuwa na wasiwasi, mambo mengi hulainika. Kama kazi haimruhusu kuja kila tarehe, aje hii moja.

Nimetaja cheti cha kuzaliwa nikapita haraka, nirudi kidogo. Kila nafuu niliyokuandikia hapa inasimama juu ya umri. Sheria ya Kanuni za Adhabu inasema aliye chini ya miaka 10 hana hatia ya jinai kabisa, na aliye chini ya miaka 12 hana hatia mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua anachofanya hakistahili. Kuanzia hapo mpaka 18 anashtakiwa, lakini kama mtoto. Umri ukibishaniwa mahakama inachunguza, na cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi, hufupisha mjadala wote. Kama hana, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au kumbukumbu za shule ya msingi vinasaidia, na mzazi anaweza kuapa hati ya kiapo. Mtoto anayefichwa miaka mitatu anarudi akiwa na ndevu, na mtu wa kwanza kumkamata hataanza kwa kuuliza alikuwa na umri gani siku ya ugomvi.

Kuna kundi jingine ambalo siwezi kulipita ingawa hukuuliza. Watoto wengi wanaoitwa mahakamani nchini hawashtakiwi. Ni mashahidi, na wengi wao ndio waliotendewa: kupigwa, kubakwa, kulawitiwa. Mtoto wa aina hiyo asipofika, hakuna dhamana ya kufuta. Shahidi aliyepewa samansi, yaani wito wa mahakama, akakaidi anaweza kutolewa hati aletwe, lakini kwa mtoto swali linarudi kwa waliokaa naye. Madhara halisi ni kesi kufa. Upande wa mashtaka unaahirisha mara moja, mara mbili, mwisho unaondoa shauri kwa kukosa mashahidi, na mtuhumiwa anarudi mtaa ule ule. Nyuma yake mara nyingi kuna kikao kama chenu cha kwa mwenyekiti, na bahasha. Kwa ugomvi wa mpira kikao kile kilikuwa cha busara. Kwa kosa la kingono dhidi ya mtoto, kumalizana kinyumbani ni kumsaidia mkosaji kukwepa sheria, na aliyelipa pamoja na aliyepokea wanaweza kujikuta wao wenyewe wanashtakiwa. Kama kuna jirani yako yuko kwenye hali hiyo, mfikishie.

Niliyokuandikia ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana Sheria ya Mtoto yao ya mwaka 2011 na mahakama zao. Wasomaji wa Kenya nao wana sheria mpya ya mwaka 2022, ambako umri wa chini wa kushtakiwa ni miaka 12, kwa hiyo wasichukue namba zangu kama zilivyo.

Kuhusu wakili: kwenda kufuta hati unaweza kwenda bila yeye, na nisingependa mchelewe siku hata moja mkimtafuta. Lakini kwa kesi yenyewe mtoto ana haki ya kuwakilishwa, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa msaada kwa wasio na uwezo, watoto wakiwemo. Mwambie hakimu au afisa ustawi kwamba hamna wakili na hamna uwezo, ili iandikwe. Dar es Salaam unaweza pia kwenda Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), au Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake. Ukiwa huko, mwulize wakili kama kuna nafasi ya kuzungumza na ofisi ya mashtaka juu ya kuiondoa kesi kwa kuzingatia umri, fidia na msamaha. Mazungumzo hayo wakili anayafanya vizuri kuliko mzazi.

Jambo la mwisho ni shule. Kidato cha pili wana mtihani wa taifa mwishoni mwa mwaka, na tarehe za kesi hupangwa bila kujua ratiba yenu. Siku hati itakapofutwa, kabla hakimu hajataja tarehe inayofuata, nyosha mkono umwambie mtoto ana mtihani siku zipi. Watapanga nyingine. Tarehe itakayotajwa iandike pale pale, umsomee karani kwa sauti ahakikishe, kisha mpe na mtoto aiandike kwenye daftari lake.